Kimraba Kwenye Picha ya Bibi

Nyumbani,
Jumapili asubuhi.

Baba mpenzi,

Shikamoo. Ni mimi, yule ambaye Bibi humwita Karani. Naomba karatasi hii ikukute umeshakunywa chai na umeketi karibu na dirisha, maana ulisema chumba mlichopewa huko kina dirisha moja na wagonjwa watatu, na kwamba wewe si mgonjwa lakini umewekwa nao kwa kuwa hakuna chumba kingine.

Huku sote tu wazima. Mama hajambo, ingawa siku hizi anafagia uwanja mara mbili, asubuhi kwa ajili ya uchafu na jioni kwa ajili ya mawazo. Bibi hajambo sana. Nyonga yake imepoa tangu aanguke bafuni, na ile fimbo anaitumia kunyooshea watu kuliko kutembelea. Mdogo wangu ameng'oka jino la pili la mbele na anapiga mluzi bila kupenda kila akisema jina lake. Mimi pia sijambo, ila nina jambo.

Utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwa simu kila wiki. Lakini unajua simu ya nyumbani ilivyo. Mama huiweka spika, Bibi huisogelea kana kwamba umo ndani yake, na zamu yangu ikifika nasema shikamoo na kuirudisha. Wewe mwenyewe ulisema kwamba mimi nikipewa kalamu ni wakili, nikipewa simu ni bubu. Basi nimechukua kalamu. Unisamehe nikirudia mambo unayoyajua. Nikiruka hatua moja nitaziruka zote.

Habari za kituo chenu cha nyuklia umezisikia nusu, nakupa nusu nyingine. Tangu mwisho wa mwezi uliopita beji yako ya kupimia mionzi iliposomwa na kuonyesha zaidi ya mara ishirini ya kawaida yako, na wewe ukaondolewa kwenye kuchomelea na kupelekwa huko kupimwa damu, chumba cha mabomba ulichokuwa ukifanyia kazi kimefungwa. Kimezungushiwa utepe wa njano. Mama Mkaguzi, yule mkaguzi wa mionzi anayening'iniza miwani kwa kamba, amepita kila futi ya ukuta na kile kifaa chake kinacholia kama nyenje, na hakupata kitu. Amepima glovu zenu, viatu vyenu, hata kikombe chako cha chai. Wenzako wanne wa zamu yako wamewekwa kupaka rangi uzio. Yule mnayemwita Kobe alikuja kutusalimu, akasema uzio ule ameupaka mara mbili, na akiambiwa aupake mara ya tatu itabidi auoe kabisa. Akacheka peke yake. Kisha akamuuliza Mama kwa sauti ndogo kama umewahi kukohoa usiku.

Mjini maneno ni mengi. Kinyozi wa njia panda anawaambia wateja wake kwamba kinu kimeanza kula mafundi, na mteja aliyenyolewa nusu kichwa hana pa kukimbilia, lazima asikilize mpaka mwisho. Mama amehama upande wa barabara ili asipite mbele ya duka lake. Darasani kwetu wapo wanaoniita Balbu. Mmoja aliuliza kama nyumbani bado tunalipia umeme au tunamkalisha Baba sebuleni tu. Watu walicheka, nami nikatabasamu, maana sikujua nifanye nini kingine na uso wangu. Hilo halikuniuma sana. Lililoniuma ni jirani yangu wa dawati, ambaye tangu kidato cha kwanza huazima rula yangu kila siku ya Mungu. Aliacha kuiazima. Sasa anapiga mistari kwa ukingo wa daftari, nayo inakwenda kombo.

Sasa nifike kwenye habari ya insha. Mwalimu wa fizikia alitupa kichwa hiki: Umeme wa nyuklia, kazi yake leo na hatima yake kesho. Alisema itakayochaguliwa itasomwa kwenye mkutano wa hadhara wa kujadili kama mji wetu ukubali kinu cha pili. Niliiandika ile wiki kabla beji yako haijasomwa, na iliyochaguliwa ilikuwa yangu.

Nilianza kwa maneno yako. Nilikuwa na miaka saba ulipoinua birika jikoni ukaniambia kwamba kinu ni birika tu: kinachemsha maji, mvuke unasukuma mapanga, mapanga yanazalisha umeme, na siri yote ni moto ulio chini, moto usio na kuni wala moshi. Nikaandika habari za Bibi, jinsi zamani umeme ulivyokatika siku nne kwa wiki, na wakunga wakazalisha watu huku wameuma tochi mdomoni. Nikaandika ulivyokuwa ukifanya kazi kwenye kituo cha makaa ya mawe, nguo zilizoanikwa nyeupe zikianuliwa za kijivu, na wewe mwenyewe ukipiga chafya nyeusi kwenye leso. Nikasema mahitaji ya umeme yanaongezeka, mvua za kujaza mabwawa hazitabiriki, jua linazama kila siku bila kutuomba ruhusa, na kwa hiyo moto huu utahitajika pamoja na hivyo vingine.

Sikuficha upande wa pili. Niliandika kwamba kinu huchukua miaka mingi kujengwa, na kwamba mabaki ya fueli hubaki na ukali kwa maelfu ya miaka, kwenye madimbwi na mapipa mazito, yakilindwa na watu ambao bado hawajazaliwa. Mwalimu aliweka alama ya vema hapo na kuandika pembeni, "Nani atawaambia?" Niliona ni swali zuri. Sikujua kwamba lingenirudia.

Aya ya tatu ndiyo Mwalimu aliyoipenda kuliko zote. Nakunakilia: "Mimi ninauamini umeme huu kwa sababu ya watu wake. Nimelelewa na mmoja wao. Kwenye kituo cha nyuklia hakuna kosa dogo linalofichwa. Skrubu ikianguka huandikwa. Mtu akisahau glovu husema. Huo ndio ukuta wa kwanza, na zege ni wa pili."

Mkutano ulikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita, ukumbi wa shule, watu wamejaa mpaka madirishani. Kinyozi alisimama akataka kujua fundi kapatia wapi mionzi. Mama Mkaguzi akajibu kwamba hajui. Wakubwa wake walikuwa wameketi nyuma yake, na mmoja alimvuta kidogo kwenye kiti, lakini yeye alirudia kwamba hajui, na kwamba mpaka ajue hatamwambia mtu yeyote pale kwamba mahali ni salama. Ukumbi ulichachamaa. Mwenyekiti akatangaza kwamba suala la kinu cha pili linaahirishwa kwa wiki mbili, na wakipiga kura bila jibu basi kila mtu anajua kura itakwendaje. Halafu, ili kutuliza watu, akaniita mimi.

Nilisoma aya mbili. Mama anasema nilisoma vizuri, polepole, sauti ikitoka. Nilipofika "hakuna kosa dogo linalofichwa", macho yaliona maneno na mdomo ukakataa. Nilisimama pale na karatasi. Nilimwona Kobe mstari wa pili, ana rangi ya uzio kwenye kucha. Nikakunja karatasi nikaenda kukaa. Watu wakanipigia makofi ya huruma. Mama akanikumbatia akasema haya zangu nimerithi kwake na zitaisha nikikua. Hazikuwa haya, Baba. Au hazikuwa haya za aina ile.

Kesho yake, Mama akiwa sokoni, Bibi aliniita chumbani kwake. Akaniambia nishushe juu ya kabati ile bahasha kubwa ya hospitali yenye picha zake mbili za eksirei. Unakumbuka alivyogombana na fundi wa eksirei siku ile, fundi akitaka kuitupa picha ya kwanza kwa kuwa imeharibika, Bibi akisema nyonga iliyopigwa ni yake na picha zote mbili ni zake. Akaniambia niiweke ile iliyoharibika kwenye kioo cha dirisha, nimsomee, kwani mimi si ndiye karani wake?

Niliiweka. Mfupa wa Bibi ukaonekana, mweupe, umepinda kama mpini wa kikombe. Na pembeni yake kimraba kidogo, cheupe kuliko mfupa, chenye kibanio juu.

Bibi akasema kwamba siku ile alisikia kitu cha baridi kimemgusa paja, na yeye amezeeka lakini paja lake halijazeeka kiasi cha kutojua. Akasema alidhani ni pambo, au dua niliyoiandika mahali nikaona haya kumwonyesha, akaliacha. Ila tangu wewe uondoke amekuwa akiitazama picha ile kila akibaki peke yake, na amenitazama mimi pia, namna ninavyoacha chakula. Akasema hatanisemea, kwa sababu mdomo wake una kazi zake, ila mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi nimeyaficha mimi na aliyelazwa ni mwanawe.

Baba, kimraba kile ni beji yako.

Naomba usome taratibu sasa. Ile Ijumaa Bibi alipoanguka, Mama alipiga simu getini, na wewe ukatoka mbio bila kupita kwenye ubao wa kutundikia beji. Ilibaki kifuani, halafu ikaingia mfuko wa ndani wa koti lako. Asubuhi ya Jumamosi, hospitali, wewe ulikuwa kwenye foleni ya dirisha la kuandikisha, na mimi nilikuwa nimevaa lile koti kwa sababu ya baridi ya ukumbi. Nikaigusa mfukoni. Niliitambua mara moja. Wakatuita, na ndugu aliyeruhusiwa kuingia ni mmoja, nikaingia mimi.

Ulinifundisha kwamba beji ile inaona tusichokiona. Miaka yote nimetamani kuishika. Nilijua kutoka kwenye kitabu kwamba eksirei ni mionzi, na nikawaza kwamba hapa ndipo pekee nje ya kituo ambapo ingeweza kuona kitu. Sikuwaza zaidi ya hapo. Nilitaka tu ifanye kazi yake mbele yangu, hata kama nisingeona chochote. Fundi aliponiambia nimtengeneze Bibi shuka kisha nikasimame nyuma ya ukuta wenye kioo, niliitia kwenye mkunjo, ubavuni pa nyonga. Picha ilipotoka fundi akauliza, Bibi, una nini hapa chenye pembe? Bibi akamjibu kwamba tangu azaliwe hajawahi kuwa na paja lenye pembe, labda mashine yao ndiyo inazeeka. Wote wakacheka. Mimi nikaenda kutengeneza shuka mara ya pili, nikaitoa na kuirudisha mfukoni. Picha ya pili ikawa safi. Koti nilikurudishia mlangoni.

Jumatatu nilikuona ukiitoa mfukoni. Ulimwambia Mama kwamba umesahau beji nyumbani siku mbili, na kwamba husemi, kwa sababu nyumbani hakuna mionzi kwa hiyo haidhuru, lakini ikijulikana, Mzee wa Geti aliyekuachia upite mbio ataulizwa, naye amebakiza miezi mitano kustaafu. Nilisikia nikiwa navaa soksi. Nilifurahi, Baba. Nilidhani siri yako imeifunika yangu na mambo yamekwisha.

Nilielewa jioni ile ya mwisho wa mwezi uliporudi na kusema beji imesoma vibaya. Kabla hujavua viatu nilikuwa nimeelewa. Nilikusudia kusema baada ya chakula. Baada ya chakula Mama akaanza kulia, nikasema nitasema kesho. Kesho ikazaa kesho yake. Ukapanda gari la kituo na kamkoba kako, ukatupungia mkono, na mimi nikakupungia. Nimekaa na mkono huo siku hizi zote. Mwalimu aliniuliza nani atawaambia wajukuu wa wajukuu kwamba ndani ya mapipa yale kuna kitu cha hatari, na mimi nimeshindwa kukuambia wewe, ninayekula nawe sahani moja.

Baada ya Bibi kusema yale, nilijua niende kwa nani kwanza. Jumanne nilipotoka shule nilikwenda getini. Nilimwambia Mzee kila kitu, nikitazama viatu vyake, na nikamwambia kwamba nikisema kweli yangu, yake na yako zitatoka pamoja, kwa hiyo nimekuja kumwomba ruhusa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba ana siku ishirini hapati usingizi akidhani amemruhusu rafiki yake kuondoka na sumu mwilini bila kupimwa mlangoni, na leo mtoto wa shule amekuja kumwomba ruhusa ya kumpa usingizi. Akavaa kofia vizuri, akamwita mwenzake ashike geti, akanipeleka mwenyewe ofisini. Njiani alisema nisiiname hivyo, ataonekana amekamata mwizi.

Mama Mkaguzi aliishika picha kwenye taa. Akavua beji yake mwenyewe akaiweka juu ya kimraba, ikakaa sawasawa, kibanio juu ya kibanio. Halafu akatueleza kwamba ndani ya beji kuna vichujio vidogo vinavyoonyesha mionzi ni ya namna gani, na ile ya kwako ilikuwa mingi lakini ya nguvu dhaifu, haifanani na ya kinu. Alidhani mashine ya kusomea imeharibika, akairudisha maabara. Alikuwa amekaa wiki tatu akijishuku mwenyewe. Akaketi, akavaa miwani, akaniambia nianze upya polepole, maana sasa anaandika.

Sikuacha kitu, hata Jumatatu ya soksi. Nilimwomba aandike kwamba wewe ulinyamaza kwa ajili ya mtu mwingine. Akajibu kwamba ataandika hivyo kwa sababu ni kweli, lakini haitafuta onyo. Utapewa onyo la maandishi, na utarudia mafunzo ya wiki nzima pamoja na wanaoanza kazi. Mzee naye amepewa barua ya onyo. Anasema kwa miaka yote aliyokaa getini hakuna aliyewahi kumwandikia barua, ataitundika ukutani. Nilimuuliza Mama Mkaguzi kuhusu mwili wako. Akasema hukupata chochote, damu yako haina kesi, na barua ya kukurudisha itafika huko Jumanne. Nilimwomba jambo moja tu, usikie kwangu kwanza. Ndiyo maana hii inakuja na dereva wa kituo kesho alfajiri.

Mama nilimwambia Jumanne hiyo hiyo. Alifagia uwanja, akarudi akaniambia nisogee nile. Utepe wa njano umeondolewa. Kobe ameambiwa aache uzio, naye anasema talaka imemuuma. Darasani bado naitwa Balbu.

Mkutano utarudiwa Jumamosi ijayo, na Mwalimu anataka nisome tena. Nimebadilisha aya ya tatu. Nilifuta "hakuna kosa dogo linalofichwa" nikaandika: "Kosa dogo hufichwa. Mimi nililificha, na mtu nimpendaye akalibeba. Kinu cha pili tukikitaka, tujiulize kwanza kama kila mmoja wetu anaweza kusimama mbele ya mkaguzi akasema, ni mimi." Halafu nasimulia yote, hospitali na kimraba. Lakini habari ile ni yako pia, na mji utajua kwamba hata wewe ulinyamaza. Sijui watapiga kura gani. Mama Mkaguzi anasema kazi yetu ni kuwapa ukweli, kura ni yao. Nimeomba ruhusa kwa Mzee, sasa naomba kwako. Ukikataa nitaikunja kama nilivyoikunja siku ile, na sitakulaumu. Ukikubali, usiniambie kwa simu. Njoo ukae mstari wa mbele.

Nisamehe, Baba. Si kwa beji tu, ila kwa kukupungia mkono.

Mama anakusalimu, anasema koti lako amelifua na mifuko ameigeuza nje. Mdogo wangu anakusalimu kwa mluzi. Bibi anakusalimu sana, na anasema siku utakayofika upitie kwanza ofisini kwa Mama Mkaguzi umchukulie ile picha, kwani imewekwa kwenye faili la ushahidi, na yeye hakumaliza umri wote huu kwa heshima ili paja lake likae ofisini kwa watu.

Nakungoja kwa mapenzi na kwa hofu kidogo,

Mwanao,
Karani.